Namsomea mwanangu hesabu na kila nikisoma anakosa

Bibi Mwalimu shikamoo. Jina langu naomba ulifiche, andika tu Mama wa Nkuhungu inatosha, maana huku mtaani nikitajwa kidogo tu kesho wateja watakuja na maneno badala ya vitambaa.

Mi ni fundi cherehani, nashonea hapo barazani kwangu, sare za shule na nguo za kina mama. Watoto ninao 4, huyu wa pili ana miaka 16 yuko kidato cha pili, haoni. Alizaliwa anaona vizuri tu ila presha ya macho ikamchukua taratibu, hospitali nasi tukachelewa kwenda, mpaka anaingia darasa la tatu ikawa ndo basi. Msingi alimalizia Buigiri kule Chamwino, walimshika vizuri sana, breli anaisoma utadhani anachambua mchele, vidole vinakimbia. Kichwa anacho, sisemi kwa sababu ni wangu.

Saivi yuko sekondari ya bweni, wanaoona na wasioona wanasoma darasa moja. Historia anaongoza, siviksi anaongoza, Kiswahili usiseme. Hesabu ndo msiba. Muhula ulioisha kapata 11 kwa mia. Sasa kaja likizo na karatasi za maswali, kurasa 6, zimechapwa hivi za kawaida siyo breli, kaambiwa nyumbani asomewe. Wa kumsomea nani? Baba yake dereva wa lori, ukimuona nyumbani ujue gari limeharibika. Basi ni mimi, niliyeishia la saba mwaka 1998.

Kila usiku tukishakula nakaa nae, namsomea, yeye anatoboa na ile sahani yake ya breli na kijiti, anafikiri, ananitajia jibu naliandika pembeni. Kuna binti kapanga chumba hapa kwetu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, yeye ndo anasahihisha. Maswali 10, anapata 2. Usiku wa pili 10, anapata 3. Mtoto kanyamaza, ule ugali wa uwele anaoupenda kaacha nusu.

Juzi huyo binti akaangalia swali la tatu akasema kitu kikanichanganya, akasema mama huyu kakokotoa sahihi kabisa, ila siyo swali hili. Siyo hili lipi tena wakati nimesoma kilichopo? Kwenye karatasi juu kuna x + 6, katikati mstari, chini 3, alafu sawasawa na 5. Nikasoma "eksi jumlisha sita gawanya kwa tatu sawasawa na tano". Yeye akasema eksi ni 3. Binti anasema siyo 3. Nikamuuliza mtoto mwenyewe shida iko wapi akanijibu "mama wewe unaona sana ndo maana unasoma vibaya", nikadhani ananikejeli nikamfokea, mpaka leo roho inaniuma.

Mwalimu mmoja kanipigia simu kwa upole tu, anasema mama huyu mtoto mwambie aachane na hesabu, nguvu aziweke kwenye masomo ya maelezo, wenzake wote wasioona ndo wanafanya hivyo. Mjomba wake nae yuko Dar anasema dawa ni laptopu ya kuongea, laki saba na nusu, niuze cherehani moja. Ninazo 2. Yeye mtoto anataka kompyuta, anataka kuja kuandika programu, na huko nasikia bila hesabu hamna njia.

Bibi, ni mimi namharibia? Aache? Niuze?

Mama wa Nkuhungu

MAJIBU

Marahaba mwanangu, mbukwenyi hapo nyumbani.

Cherehani usiuze, tulimalize hilo kwanza ili usome mengine ukiwa umetulia.

Alafu kamuombe mtoto radhi. Hakukukejeli, kakupa jibu la barua yako yote kwa sentensi moja, na mi nimefundisha hesabu miaka 30 na kitu sijawahi kulisema vizuri namna hiyo. Unaona sana. Jicho lako likiangalia swali la tatu linapata mambo mawili kwa mpigo, namba zenyewe na mahali zilipokaa, kwamba x + 6 yote iko juu ya mstari, mstari umefunika vyote viwili. Mdomo wako ukatoa namba, mahali ukapaacha kwenye karatasi. Yeye kapokea mstari mmoja ulionyooka, eksi jumlisha sita gawanya kwa tatu, na kwa kuwa Buigiri walimfundisha vizuri akakumbuka MAGAZIJUTO, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mabano hujayasema, kwaiyo kaanza na kugawanya, 6 kwa 3 ni 2, eksi jumlisha 2 ni 5, eksi ni 3. Hapo ungemnyima maksi kwa lipi? Kafuata sheria mpaka mwisho. Wewe ndo umempa swali jingine, na hujafanya kosa la mtu asiyesoma, maana profesa nae akisoma vile vile ulivyosoma mtoto atakosa vile vile.

Hesabu zimeandikwa kwa kupanda na kushuka. Kuna kilicho juu ya mstari na kilicho chini, kuna kanamba kadogo kamepanda kichwani kwa mwenzake, kuna kipaa cha kipeuo ambacho kinaweza kufunika namba moja au kikaenda mpaka mwisho wa mstari. Sauti haina juu wala chini, inaenda mbele tu. Kwaiyo anayesoma ana kazi ya kutaja hata visivyo namba, yani kila kinapoanza kitu na kila kinapoisha. Mmarekani mmoja asiyeona tangu kuzaliwa, Abraham Nemeth, aliyekuja kuwa profesa wa hesabu Detroit, alitunga utaratibu wa kusoma hivyo kwa sababu hata yeye alikuwa anasomewa na watu kama wewe. Mwenyewe aliambiwa hesabu hazimfai mtu asiyeona akasome saikolojia, akasoma, akarudi kwenye hesabu, na mwaka 1952 ikachapwa breli ya hesabu aliyoibuni, mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Sasa leo usiku soma hivi. Swali la tatu sema "anza sehemu, juu eksi jumlisha sita, chini tatu, maliza sehemu, sawasawa na tano". Hilo neno maliza ndo lenye dawa, usilimeze. Namba iliyopanda juu sema panda, ikirudi chini sema shuka, kama konda tu. Chukua mbili yenye x + 1 juu yake, ukisoma "mbili panda eksi jumlisha moja shuka" ni kitu kimoja, na ukisoma "mbili panda eksi shuka jumlisha moja" ni kitu kingine kabisa, eksi ikiwa 3 ya kwanza inakupa 16 na ya pili 9. Mtoto wa watu anakosa 7 nzima kwa sababu konda hakusema anashukia wapi.

Kipeuo nacho, jamani hapa Kiswahili chetu kimetutega. Kipeo na kipeuo. Kipeo cha pili cha 16 ni 256, kipeuo cha pili cha 16 ni 4, tofauti ni kairabu kamoja ambako usiku umechoka, jenereta la jirani linaunguruma, hukasikii. Mi nakushauri kwa mdomo yaache yote mawili, kimoja useme panda kingine useme ruti, huko sekondari ruti anaijua. Na useme inapoishia. "Anza ruti, tisa jumlisha kumi na sita, maliza ruti" ni 5. "Anza ruti, tisa, maliza ruti, jumlisha kumi na sita" ni 19. Kwenye karatasi tofauti yake ni urefu wa kale kapaa ka juu tu.

Angalia pia usichanganye herufi x na alama ya kuzidisha, kwenye karatasi zilizochapwa hovyo zinafanana kama mapacha, na herufi kubwa sema ni kubwa. Soma swali zima mara moja harakaharaka ajue analoendea, kisha rudia kipande kwa kipande yeye anaandika, akimaliza AKUSOMEE wewe. Mkitofautiana mtagundua hapohapo kabla hajaanza kuhangaika na hesabu ya mtu mwingine. Na usimfafanulie, ukianza "yani hapo nadhani wanataka..." umeshaharibu, wewe ni macho tu, akili ya kazi anayo.

Usiseme hujasoma hutaweza. Kulikuwa na mama Moscow, Tatyana Pontryagina, mwanae Lev alipofuka akiwa na miaka 14 jiko lilipolipuka nyumbani. Yule mama hesabu hakuzijua hata chembe ila ndo aliyemsomea vitabu vya hesabu, na alama asizozijua jina alikuwa anazitaja kwa umbo lake. Alama ya muungano wa seti, ile kama kikombe, aliita mikia juu. Ya makutano, kikombe kilichopinduliwa, mikia chini. Basi, wakaelewana. Lev Pontryagin akaja kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Urusi. Sikuambii wako atakuwa hivyo, nakuambia tu kwamba alama usiyoijua unaweza kuipa jina mkakubaliana wawili, hata mkiiita kisigino.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako umekipitia juujuu ila mi kimenishtua. Umesema anatoboa kwa sahani na kijiti. Mwanangu ile sahani mtu anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, nundu zinatokea upande wa pili wa karatasi, kwaiyo ili asome alichoandika lazima aitoe karatasi aigeuze, alafu airudishe na kuitafuta sehemu aliyoishia. Kwa kuandika barua haina neno. Kwa mlinganyo wa hatua 5 ambapo kila mstari unategemea wa juu yake ni mateso, ni kama wewe uambiwe ushone gauni kitambaa kikiwa ndani ya begi. Mashine ya Perkins, ile ya kuchapia breli, nundu zinatoka juu, anapapasa hapohapo anaendelea. Shuleni bila shaka anatumia hiyo. Mkiweza kuazima moja likizo hii, hata kwa kwenda kuuliza Buigiri mlikotoka, shule ile ipo tangu 1950 na walimu wa breli wapo, nendeni. Ikishindikana basi hatua za katikati akutajie uzishike wewe kwenye daftari, akizihitaji umsomee.

Muulize pia breli ya hesabu anayotumia ni ipi. Siyo swali la kijinga. Katika breli namba hazina umbo lake, zinaazima herufi, a ndo 1, b ndo 2, c ndo 3, zikitanguliwa na alama ya namba. Sasa aljebra inachanganya namba na herufi, ukiandika 3b bila kuweka alama ya kuonyesha kwamba hapa nimetoka kwenye namba, kidole kinasoma 32. Ile ya Nemeth ililikwepa hili kwa kuzishusha namba chini kidogo ndani ya kisanduku cha nukta, breli ya Kiingereza iliyounganishwa inaweka alama ya kutenganisha. Zote zinafanya kazi, balaa ni kusoma nusu hii nusu ile, msingi mwalimu kafundisha hivi sekondari mwingine vile na karatasi ya mtihani inakuja na yake. Alama 11 za mwanao huenda zina habari hiyo ndani. Mwambie aulize shuleni mtihani wa taifa wa kidato cha pili unakuja na ipi, ajizoeze hiyohiyo.

Grafu. Hapa ndo umenifurahisha maana wewe una kiwanda barazani. Chukua manila, toa uzi kwenye cherehani, weka stichi ndefu, shona juu ya mstari uliochora. Geuza upande wa pili, papasa. Umepata mstari wa nundu safi kuliko wa mashine za bei mbaya. Ila kwa kuwa unapapasa upande wa nyuma picha inageuka, kulia inakuwa kushoto, mstari unaopanda utakuta unashuka na utakuwa umempa mlinganyo mwingine tena, tumerudi kulekule. Kwaiyo chora kwanza, inua dirishani kwenye mwanga, pitisha penseli upande wa nyuma kufuata mstari unaouona, alafu shona upande huo. Kale kagurudumu kenye meno ka kuhamishia alama za pateni nako kanafanya, weka karatasi juu ya kipande cha ndala kuukuu ukabonyeze. Mihimili ishone stichi ndefu, mstari wa grafu bandika uzi wa sufu kwa gundi ili kidole kitofautishe. Karatasi moja grafu moja, usijaze. Jicho linaona yote kwa mpigo ila kidole kinatembea hatua kwa hatua, ukikibandikia mambo 6 kinapotea.

Laptopu sasa. Mjomba ana nia njema ila hamna laptopu ya kuongea inayouzwa hivyo, kuna laptopu yoyote ile yenye programu ya kusoma skrini, na iliyo nzuri ni ya bure, inaitwa NVDA, ilianzishwa 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote hawaoni. Inafanya kazi pamoja na nyingine inaitwa MathCAT, hiyo inasoma mlinganyo na mtoto anaweza kuingia ndani ya sehemu kwa vitufe vya mishale akasikiliza juu peke yake, chini peke yake. Itamfaa, tena sana akitaka programu huko mbele. Lakini sikiliza, inasoma mlinganyo ulioandikwa kama mlinganyo. Karatasi iliyopigwa picha ikatumwa, hata laptopu ya milioni 3 mara nyingi inasema "picha" inanyamaza. Ungeuza cherehani ukakaa na kitu bubu. Kwanza maswali yaje yameandikwa, chombo baadae. Kwa sasa simu ya Android yoyote yenye TalkBack, ile sauti ya kusoma skrini, inatosha, ila iwekeni isome alama zote za uandishi, maana hizi programu zikiachwa zilivyo mara nyingi zinaruka mabano, na (x + 6)/3 ikisomwa bila mabano unajua mwenyewe kinachotokea.

Mwalimu usigombane nae. Mi mwenyewe nilikuwa na binti asiyeona darasani nikawa nasema "hii ukiipeleka huku unapata hii", chaki inagonga ubao, nimegeuka mgongo, na mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti yake "aongeze bidii". Bidii ya nini sijui. Hakuna aliyenifundisha, ila na mi sikuuliza. Mtumie ujumbe kama huu, ubadilishe upendavyo:

"Mwalimu habari za likizo. Naomba asiache hesabu kwanza. Nimegundua nilikuwa namsomea vibaya. Nakuomba maswali uyachape kwenye ujumbe wa simu badala ya karatasi au picha, sehemu uiweke kwenye mabano mfano (x+6)/3, kipeo uandike x^2, ruti uandike sqrt(9+16). Na darasani ukiandika ubaoni utamke kila unachoandika mpaka mwisho wake. Asante sana mwalimu wangu."

Ukiweza muulize na muda. Kwenye mitihani ya taifa Baraza la Mitihani huwa linawaongezea wasioona dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati, masomo mengine dakika 10. Wao wenyewe wameshakubali kwamba hesabu kwa breli ni kazi ya muda mrefu zaidi, sasa shuleni kama majaribio anapewa muda sawa na wenzake, 11 yake ilipimwa na saa isiyo yake.

Kwaiyo aache? Hapana, siyo kwa ushahidi huu. Hakuna mtu bado aliyempima hesabu huyu mtoto, amepimwa namna anavyosomewa. Mkifanya hivi muhula mzima na bado inagoma, niandikie tena tutaongea lugha nyingine, sitakudanganya kwamba kila mtu anaziweza. Wenzake wote wasioona kuacha siyo sababu, huenda nao mama zao walisoma kama ulivyosoma.

Leo msomee upya lile la tatu, na anza na maliza yake. Jibu ni 9. Binti wa UDOM mwambie akae kimya mpaka aseme mwenyewe.